Goti la Garland Pruitt

Kambi ya bomba la mafuta, kaskazini ya Fairbanks, Alaska
7 Septemba 1975

Dada Oleta,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Oklahoma. Hujambo, na nyumba yako haijambo? Mimi mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi na mgongo umekuwa wa mzee. Tunalaza mabomba saa kumi na mbili kwa siku, siku saba kwa wiki. Jana theluji ya kwanza ilianguka, na hatujamaliza hata kuwalalamikia mbu.

Barua yako nimeipata. Nimesoma kwamba Mama ameanguka, nyonga imevunjika, nyumba yake ya Bixley imefungwa na sasa anakaa kwenu Tarrow. Nilikuwa nimekaa juu ya bomba nikaogopa kama mtoto. Ana miaka sabini na nane. Zamani nikija likizo nilifikia kwake, sikuwa na haja ya mtu mwingine. Sasa kumwona Mama ni lazima nipite mlango wa mumeo.

Nataka kuja Sikukuu ya Shukrani, tarehe 27 Novemba. Muulize Garland. Foleni ya simu hapa ni saa mbili, na mara ya mwisho nilipopiga alipokea yeye, akasema, "Umekosea namba," akakata. Nimekosea namba! Sauti yangu anaijua tangu 1956.

Mwambie miaka kumi na tisa inatosha. Na mwambie kipenga kilikuwa hakijalia.

Mdogo wako,
Verlin


Tarrow, Oklahoma
19 Septemba 1975

Mdogo wangu Verlin,

Sisi hatujambo, pole na baridi. Paka mafuta ya ng'ombe mikononi, usijifanye huna dada. Mama anajikongoja na magongo yake. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia linachotaka.

Nilimngoja Garland ale kwanza, maana akiwa na njaa haulizwi kitu.

"Verlin anataka kuja Shukrani."

"Aje. Oklahoma ni kubwa."

"Hapa nyumbani, Garland."

Akaweka kijiko chini. "Amesema alichelewa?"

"Amesema kipenga kilikuwa hakijalia."

"Basi aende akale na kipenga."

Usinione msaliti. Ulipomvunja Garland goti, Mama ndiye aliyenituma hospitali na pai nikaombe radhi kwa niaba yako, kwa sababu wewe ulikataa kwenda. Nilienda na pai, nikarudi na mchumba. Kwa hiyo mimi kesi hii siisikii Ijumaa tu, watu wakitoka mpirani. Naisikia kila asubuhi akishuka kitandani, mguu ule ukilia kama bawaba.

Anasema hivi, nami naandika alivyosema. Alikuwa anachezea Tarrow dhidi yenu Bixley, amekumbatia mpira kwapani anakimbia. Akateleza kwenye tope, hakuguswa na mtu, goti likagusa chini. Kwa futiboli yetu ya Kimarekani, ile ya shule, goti la mwenye mpira likigusa chini mchezo umeishia pale. Akainuka, akapiga hatua tatu, ndipo ukamkumba. Refa akatupa kitambaa cha kosa, mkarudishwa yadi kumi na tano. "Refa aliyekuwepo aliamua," anasema. "Verlin ni nani akate rufaa mpaka leo?"

Ukisema ulichelewa, mlango uko wazi. Usiposema, huvuki kizingiti. Ndiyo kauli yake, na nyumba ni yake.

Dada yako,
Oleta


Kambini
4 Oktoba 1975

Dada Oleta,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi leo nina furaha, ngoja nikupe sababu.

Hapa yuko mtu wa Texas anaitwa Hoyt. Kabla ya bomba alikuwa refa wa mpira wa shule miaka kumi na moja. Jana bwaloni nilimsimulia kesi yetu. Akavuta kichupa cha chumvi na cha pilipili.

"Chumvi ni shemeji yako. Pilipili ni wewe, maana nimeambiwa ulikuwa mkali."

"Alikuwa mkali wa kula!" akapaza sauti mchomelea vyuma mmoja wa Louisiana. Mara meza nzima ikatuzunguka.

Hoyt akailaza chumvi, akaiinua, akaikimbiza hatua tatu, pilipili ikaigonga. Mtu wa Louisiana akaruka. "Hakuna kosa hapo! Jumapili kwenye televisheni mtu akiteleza mwenyewe anainuka anakimbia, mpaka aguswe!"

"Hao wa Jumapili wanalipwa, wana sheria yao," Hoyt akasema. "Ijumaa ni watoto wa shule. Goti likigusa, mpira umekufa."

"Na kipenga?" nikauliza. "Kocha alitufundisha tucheze mpaka kipenga."

"Makocha wote wanafundisha hivyo, na wote wanakosea. Kipenga hakiui mpira, bwana. Kipenga kinatangaza msiba tu."

Bwalo likalipuka kicheko. Mimi nikaona nimekwisha. Lakini akaendelea: "Taratibu. Kosa la kuchelewa ni la mtu anayejua mpira umekufa, au aliyepaswa kujua, na bado akampiga mwenzake. Kama alimwona mtu anakimbia na mpira, na lile goti hakuliona, kitambaa changu kingebaki mfukoni." Akanigeukia. "Uliliona?"

Nikasema sikuliona.

"Basi huyu bwana hana kosa," akasema, akarudisha chumvi mahali pake.

Umesikia, dada? Msomee Garland neno kwa neno. Refa wa miaka kumi na moja ameniachia. Muulize Mama nimletee nini.

Mdogo wako,
Verlin


Tarrow
16 Oktoba 1975

Verlin,

Hatujambo. Nilimsomea neno kwa neno. Alicheka kwenye chumvi na pilipili, nikasema moyoni, haya, leo barafu imeyeyuka. Kisha akaniambia rudia pale refa aliposema habari ya kuona goti. Nikarudia.

Akasema, "Refa wa Texas ana akili. Sasa muulize ndugu yako, si mbele ya watu bwaloni, aliliona au hakuliona? Akisema hakuliona, mimi nitaamini, na aje ale."

Ndivyo alivyosema. Hakupandisha sauti. Akaenda kupasua kuni.

Mama akauliza nani anazungumzia goti la Garland. Nikamwambia ni Verlin.

"Amekuja?"

"Hajaja, Mama."

Akaendelea kubangua njugu za pai.

Dada yako,
Oleta


Kambini
2 Novemba 1975

Dada Oleta,

Salamu kwako na kwa Mama. Afya ipo. Nimechana barua nne kabla ya hii. Zote zilisema sikuliona.

Nililiona.

Nilikuwa yadi sita tu mbele yake. Aliteleza, goti likazama, niliona tope likiruka. Mpira wa Ijumaa naujua, ndilo somo pekee nililofaulu pale shuleni. Nilijua umekufa. Miguu yangu yenyewe ilianza kupunguza mwendo. Halafu akainuka na kipenga kiko kimya, na kilichonijia siyo kwamba labda mpira bado uko hai. Nilijiambia, hawajapuliza, basi naruhusiwa. Alikuwa ametutoka mara mbili siku ile, na kazi ya kumzuia nilipewa mimi, na watu wa Bixley, majirani zetu, walikuwa wananizomea kwa jina. Nikashusha bega nikamkumba kwenye goti lile lile. Nilisikia lilivyokatika.

Sikukataa kwenda hospitali kwa kiburi, dada. Niliogopa angeniuliza hili analoniuliza sasa.

Hoyt nilimwambia jana kwamba nilimdanganya. Hakunitukana. Alichukua trei yake akahamia meza nyingine. Leo pia amekaa huko.

Simwandikii Garland haya ili anifungulie mlango. Hapana, hata hilo ni uongo. Nataka anifungulie. Nataka kumwona Mama. Lakini hata asipofungua, mpe karatasi hii aisome kwa macho yake. Nilichelewa, na nilijua nimechelewa.

Nasubiri neno. Nikilipata kabla ya tarehe 24 nitawahi ndege.

Mdogo wako,
Verlin


Tarrow
11 Novemba 1975

Verlin,

Hujambo huko. Mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema machache.

Nimesoma. Nilitoka nje nikakaa garini mpaka Oleta akaja kuniuliza kama nimekufa. Nimengoja miaka kumi na tisa kusikia neno hilo, na nilidhani nikilisikia nitapata raha zaidi ya hii.

Sasa na mimi nikwambie. Nilijua goti limegusa. Tope lilikuwa baridi, nililisikia mpaka kwenye mfupa. Ningekaa pale pale ningekuwa mzima leo. Lakini wenzangu walipiga kelele, "Kimbia!" na refa hakuwa amepuliza, nikasema acha niibe yadi chache. Wewe uliona na mimi nilijua. Uwanja mzima, aliyechelewa kujua ni refa peke yake.

Hilo halikufanyi usiwe na kosa. Bega lilikuwa lako. Lakini sikuwahi kumwambia hata Oleta upande wangu, na wewe umesema wako.

Njoo Shukrani. Mama yako ameambiwa, na ameanza kunipangia nani akae wapi katika nyumba yangu mwenyewe. Utakaa kushoto kwake, upande anaosikia.

Shemeji yako,
Garland


Kambini
28 Novemba 1975

Dada Oleta,

Natumaini sikukuu ilikuwa njema na Mama alikula vizuri. Mimi mzima.

Tarehe 24 ilipita bila neno, nikaelewa. Sikupanda ndege. Jana walitupa bata mzinga na viazi, mpishi akavaa tai. Mtu wa Louisiana aliimba. Nilikaa karibu na mlango nikamaliza sahani, nikaenda kulala jua likiwa bado linazama, na huku siku hizi linazama mapema.

Simlaumu mumeo. Aliuliza, nikajibu, na mtu haombwi kufurahia jibu. Sitamsumbua tena, na wewe sitakutuma tena kati yetu kama mpira. Wanatafuta watu wa kufanya kazi majira yote ya baridi. Jumatatu nitaweka sahihi mpaka Juni. Hapa angalau ninajulikana kwa kazi tu.

Msomee Mama salamu zangu kwenye sikio la kushoto. Usimwambie nilitaka kuja.

Mdogo wako,
Verlin


Kambini
4 Desemba 1975

Shemeji Garland,

Hujambo, shemeji. Naandika neno hilo kwa mara ya kwanza, mkono unaliona geni.

Barua yako ya tarehe 11 Novemba nimeipata jana. Mfuko wa barua ulisahauliwa Fairbanks zaidi ya wiki mbili, nasi hatukuambiwa. Nilisoma tarehe kwanza, nikadhani macho yananidanganya. Basi siku ile mlikuwa mnaniangalia dirishani, na Mama ameacha nafasi, na mimi nilikuwa nimekaa huku karibu na mlango nikiamini mmenifungia. Na barua niliyomwandikia Oleta baada ya hapo huenda bado iko njiani. Usimwache asome peke yake, tafadhali, ina maneno ya mtu aliyekata tamaa.

Sahihi nilikwisha kuiweka Jumatatu. Nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia nafuta. Akasema karatasi imeshaondoka. Nikamwambia nina mama wa miaka sabini na nane. Akasema kila mtu hapa ana mama. Tumebishana mpaka akachoka, akanipa siku kumi, si za Krismasi, za mwezi wa kwanza.

Kuhusu zile yadi ulizotaka kuiba, nimezisoma mara nyingi. Mimi bega langu nitalibeba, wewe chukua hizo yadi zako, na Oleta asituhukumu kwa pamoja, maana hatutapona.

Mwambie Mama asubiri. Mwambie kwa sauti, na umwambie siku yenyewe, anapenda kuhesabu. Usije kunipokea, barabara itakuwa na barafu na sitaki tena lawama ya mguu wako. Nitatembea kutoka kituoni. Nitashuka basi la Tulsa hapo Tarrow Jumamosi, tarehe 10 Januari, saa tisa alasiri.

Shemeji yako,
Verlin