Majani Uliyomtumia Mwanao

Boko, Dar es Salaam

Mama mkwe wangu, shikamoo.

Mguu uliokuwa unakusumbua unaendeleaje? Mvua zimeshika huko, au bado mnaangalia mawingu? Sie tupo. Mie bado nagonga kokoto, mikono imekuwa migumu kama ya mwanamume. Mwanao yu hai, na hilo ndilo limenifanya niandike. Kwenye simu siwezi kulisema, chumba ni kimoja na yeye husikia kila kitu.

Majani ya mkaratusi uliyomtumia yalifika wiki iliyopita. Siku hiyo pumzi ilimbana tangu asubuhi, anavuta fupifupi kama mtu aliyepanda mlima, na yeye amekaa tu. Nikasema tumfukize. Jirani yangu Mama Rehema akachemsha majani, tukamkalisha kwenye kigoda, chungu mbele yake, tukamfunika blanketi zito. Unajua mwenyewe, hatufunui mpaka mtu atoke jasho, mvuke usipotee. Blanketi likawa linatikisika. Mama Rehema akasema, "Muache, dawa inapigana." Mie nikaona ni kule kutetemeka kwake kwa siku zote.

Kumbe alikuwa anatuita, Mama. Sauti yake sasa ni ndogo, haivuki hata kitambaa, na mikono imekakamaa, hawezi kulisukuma blanketi. Lilipoacha kutikisika ndipo nikafunua. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Tulimburuta mpaka mlangoni tukampepea, akarudi kidogo kidogo. Neno lake la kwanza: "Nilijua sijafa. Ahera haiwezi kunuka mkaratusi." Mama Rehema akacheka huku analia.

Hospitali daktari alimsikiliza kifua akasema si pumu, na jini hakuna. Ni Pakinson ileile, ugonjwa wake wa kutetemeka na kukakamaa. Misuli ya kifua inakakamaa kama ya miguu, na nguvu ya vidonge ikiisha, pumzi inakuwa fupi. Amekataza kabisa kumfunika. Vidonge apewe kwa saa zake, alale ameinuliwa kwa mito, ale polepole kidevu kikiwa chini, chakula kisiingie njia ya hewa. Na kila siku apaze sauti ndefu, "aaa", kufungua kifua. Watoto wa jirani wanamwiga, naye anawaambia, "Nyie hamna pumzi, mnaishia njiani." Ila zipo siku hata hiyo "aaa" haitoki. Hapo nakaa nyuma yake, namwegemeza kifuani kwangu, nasikiliza kama pumzi inayofuata itakuja.

Sasa shemeji Saidi amepiga simu, anasema umemtuma aje amchukue kaka yake, mganga wa huko atamfukiza vizuri zaidi. Sikatai kwa kiburi, Mama. Najua watu wanasema nimemficha mume mjini. Lakini huko akifunikwa, nani atajua kutikisika kupi ni ugonjwa na kupi ni kuita? Mie ninayelala naye sikujua.

Nisalimie baba mdogo anayekulimia shamba, na wifi anayekutekea maji. Saidi mwambie aje amwone kaka yake, atakula na kulala kwetu, lakini arudi peke yake.

Nawe mguu ukikuruhusu, njoo. Ukae naye asubuhi vidonge vikishashika. Akikuita, utamsikia.

Mkamwana wako,
Mama Asha