Chumba cha Saruji na Neno Nililosema Bute

Dahabo, hooyo,

Hali sikuulizi. Ya kwako anaijua aliyekuchukua. Ya kwangu nitakueleza, na usitegemee nitakueleza kwa upole, maana nina uchungu wa watu wawili na mmoja wao ni mimi.

Wanawake wa hapa wananicheka wanaponisikia namwita mtoto hooyo, neno ambalo kwetu ni mama. Hata yule mke wa sajini kutoka Lamu, jirani yetu wa Garissa, alikuwa akituuliza, "Nyinyi wawili, nani kamzaa mwenzake?" Yeye ndiye aliyekufundisha kusoma, nawe ukanifundisha mimi kwa kipande cha mkaa juu ya kifuniko cha debe. Kisomali chetu hakina herufi, ndiyo maana nakuandikia kwa lugha uliyonifundishia. Mama gani mwingine Garissa nzima alifundishwa kuandika na binti yake? Nililisema hilo sokoni mpaka watu wakawa wanapita njia nyingine. Nalisema tena leo.

Nimehamia Nairobi. Huu ni mwezi wa nane. Nina chumba Eastleigh, kwenye ploti ya Mhindi, vyumba kumi na viwili vinazunguka ua mmoja, mfereji mmoja, choo kimoja ambacho sitakueleza habari zake. Chumba changu ni cha mawe na sakafu ya saruji. Taa ya stimu iko, mwenye ploti anaiwasha na kuizima yeye kutoka kwake, kama vile sisi ni kuku.

Utauliza, hooyo, wewe uliyesema hutavuka mto Tana mpaka Kiyama, kilichokuvusha ni nini? Ni mume wako.

Arobaini yako ilikuwa haijapoa. Bishar akatuma watu kutoka kwao Bute mpaka Garissa kwa Gedi, ndugu wa marehemu baba yako, kumtaka Sahra. Mdogo wako, Dahabo! Miaka kumi na saba, bado anaficha peremende chini ya mto. Mila naijua, sihitaji kufundishwa: mke akifa, mume hupewa ndugu yake, ili mtoto asilelewe na mgeni na undugu usikatike. Na anayetoa mkono wa msichana asiye na baba ni ami yake. Gedi akakubali kabla chai haijapoa. Akaniambia, "Shemeji, mila ni mila. Lia, kisha mfungie nguo zake."

Sikulia. Nikaenda kwa bwana DC, nikasema mtoto wako Maryan anaumwa, lazima nimpeleke Nairobi kwa daktari, na Sahra atambeba. Nilidanganya, Mungu anisamehe, mtoto alikuwa na afya kama ndama wa masika. Karani akaniandikia pasi. Tukavuka kwa kivuko, tukapanda lori, mimi, Sahra, Maryan, na nyumba yako.

Ndiyo, nyumba yako. Nilipotoka Bute baada ya kukuzika, niliifungua nikairudisha yote, mikeka na miti. Mama wa bibi harusi ndiye anayemjengea binti nyumba, na ile niliisuka kwa miezi tisa, nikaifukiza moshi wa majani mpaka ikanukia. Wanawake walikuja kutoka Saka kuigusa tu. Ningemwachia nani? Wale vijana wa lori wakacheka. "Mama, Nairobi kuna nyumba." Nikawauliza, "Za nani?" Wakaipakia.

Lakini sikujua saruji. Wallahi sikujua. Maisha yangu yote nimechimba shimo la mti kwa mkono na kipande cha chuma, mahali popote Mungu alipoweka mchanga. Nikapanga miti yako katikati ya chumba, nikaazima nyundo, nikaanza kuitafuta ardhi. Nilipiga asubuhi nzima. Mhindi akaja mbio, kilemba mkononi. "Mama, hii nyumba tayari! Wewe jenga nyumba ndani ya nyumba?" Nikamwambia hii ni yako, mimi nataka yangu. Ua mzima ulicheka. Kile kidonda cha sakafu kiko mpaka sasa, kimetosha kuzama kidole changu kimoja. Mikeka niliitundika ukutani, na jirani yangu Mama Nduku, Mkamba anayefulia watu nguo, akauliza, "Mama Dahabo, ukuta nao unaona baridi?" Miti iko nje. Wanaanikia nguo.

Umesikia wananiitaje? Mama Dahabo. Kila mtu, kutwa. Wanakuita wewe halafu nageuka mimi.

Kazi nimepata. Napika kwenye hoteli ya Haji mmoja wa Isiolo. Najua ungeona aibu, mke wa mtu aliyekuwa na ngamia sitini anapikia madereva kwa mshahara. Mimi nimeona aibu hiyo wiki ya kwanza, ikaisha. Haji alinipa jiko akasema nionyeshe anjera, zile chapati zetu za maji. Nikamwonyesha. Sasa madereva wa Wajir na Mandera wakifika hawaulizi nyama wala wali. Wanasimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, "Anjera ya Mama Dahabo ipo?" Hoteli ya jirani ilifunga. Sisemi ni mimi niliyeifunga, nasema ilifunga.

Na hapo ndipo mdomo wangu uliponichongea. Mtu aliyejificha hupika na kunyamaza. Mimi kila dereva aliyesifu chai yangu nilimwambia jina langu, na la baba yangu, na habari zako. Niliwaambia jinsi ulivyokuwa mzuri, ulivyoandika. Niliwaambia jinsi Bishar, mwenye duka na lori lake mwenyewe, alivyopakia ngozi kupeleka Wajir na kukuacha na uchungu wa kuzaa siku tatu. Nilivyolisema lile neno ngozi, madereva waliacha kutafuna. Walimlaani. Mimi niliwaongezea chai.

Dereva ni barua inayotembea. Habari ikafika Bute.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Bishar na Gedi wakaingia uani. Nilikuwa nachambua mtama. Sahra alikuwa na Maryan kiunoni. Anasimama sasa, Dahabo, anashika ukuta na kuutukana. Ana paji lako la uso. Gedi akakaa kwenye beseni la Mama Nduku lililofunikwa, akasema, "Umetutembeza, shemeji. Tumekuja kwa heri." Nikasema heri haiji na watu wawili dhidi ya mjane. Nikasimama. Nikapaza sauti ili vyumba vyote kumi na viwili visikie, nikaanza habari ya ngozi.

Bishar hakunitazama. Unajua mkwe wa kwetu hamtazami mama mkwe usoni wala hambishii. Alikuwa amekonda. Alitazama vidole vya miguu yake akasema kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile sikukubishia. Na leo sikubishii. Ila mwambie Sahra siku ya kwanza ulisema nini."

Mama Nduku aliacha kukamua nguo. Sahra akauliza, "Hooyo, ulisema nini?"

Dahabo, wewe ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya nyumba yako, umeshika mti wa katikati, ulisikia. Wengine wote sikuwaambia.

Siku ya kwanza lori lilikuwa mlangoni, tupu. Bishar alikuja nje ya mkeka akaniuliza, "Mama, nimpeleke Moyale kwa daktari?" Wanawake wa kwao walikuwa wamekaa wanasubiri jibu langu, mimi mgeni kutoka Garissa ambaye nilikuwa nimewajaza masikio siku saba kwa sifa za ukoo wetu. Nikasema, "Mimi nimezaa sita juu ya mkeka, sijui dawa inanuka vipi. Binti yangu si mbuzi wa kupakiwa gari." Wakacheka. Nilifurahi walivyocheka. Lori lile lilisimama mpaka asubuhi ya pili, Bishar akauliza tena, na mimi nikamwambia, "Nenda na ngozi zako, hapa pana kazi ya wanawake." Akaenda, kwa sababu mkwe hambishii mama mkwe. Siku ya tatu ni mimi niliyetoka njiani bila viatu kupigia kelele vumbi. Siku ya nne lori lilirudi. Tulikuwa tumeshakuzika, na Maryan yuko mikononi mwangu.

Ulinisikia nikijibu kwa ajili yako. Hukusema kitu. Na wewe pia hukuzoea kunibishia. Hilo ndilo linalonila.

Ningeweza kudanganya tena pale uani. Mdomo ninao. Lakini Sahra alikuwa ananitazama, na Maryan ananitazama kwa paji lako lile, nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, na mbele ya Wakamba na Wahindi na kila mpangaji. Nilipomaliza maji ya mfereji yalikuwa yanamwagika bure, hakuna aliyekwenda kuyafunga.

Gedi akasema, "Basi yamekwisha. Kosa si la mtu mmoja. Tusome Fatiha." Nikasema hayajakwisha. "Mara ya kwanza nilimjibia binti yangu. Leo aulizwe mwenyewe." Akacheka, "Tangu lini msichana akaulizwa kikaoni?" Nikamwambia, "Tangu tulipomzika Dahabo."

Nilijua Sahra atakataa. Nilikuwa na uhakika, nilimlea mimi! Nilishaanza kumsifu kimoyomoyo.

Hakunijibu mimi wala Gedi. Alimgeukia Bishar, akazungumza kama mwanamke mzima. "Maryan simwachi, na wewe ndiye baba yake. Nitakuja. Lakini mimba ikifika miezi saba utanileta hapa Nairobi, na siku ya kuzaa nikiulizwa najibu mimi. Si wewe, si Adeer Gedi, si hooyo." Gedi akasema astaghfirullah. Bishar kwa mara ya kwanza aliinua uso, akasema, "Wallahi." Na mimi hapo ndipo nilipotaka kumchukia nikashindwa, na kushindwa huko kunaniuma kuliko chuki.

Haji aliitwa, akashuhudia makubaliano. Jumanne wakaondoka. Nilikimbia nchi nzima nisimtoe Sahra, nikaja kumtoa hapa, uani kwa mtu, kati ya nguo za watu. Nilimfungia anjera za njiani kwenye kitambaa. Alizipokea. Maryan alinishika shungi hakutaka kuliachia, ikabidi Sahra amfungue vidole kimoja kimoja. Kisha mdogo wako akaniambia, "Kwaheri, Mama Dahabo."

Mama Dahabo. Kama wapangaji.

Anayo haki. Lakini sijawahi kupigwa fimbo ikauma hivyo, na mwanao amekwenda nao, na chumba hiki sasa ni kikubwa, wanaosema vyumba vya Eastleigh ni vidogo hawajui.

Gedi alitaka nirudi nao. "Njoo nyumbani, shemeji. Kazi ya hoteli ni aibu kwa ukoo." Nikamwambia ukoo na uje ule anjera. Sirudi. Nikirudi Garissa, Sahra ataletwa Nairobi kwa nani? Hawa watu wa Bute wana nani hapa? Hospitali ya akina mama iko, nimeshaitembelea kwa miguu mara mbili, nikauliza mlangoni wanapokea vipi mtu wa kwetu. Askari wa hali ya hatari alinisimamisha njiani, nikamwonyesha pasi, akauliza naenda wapi. Nikasema kuzaa. Alinitazama mvi zangu akaniachia.

Basi kwaheri, mwanangu mzuri kuliko wote wa Garissa, na hilo silifuti. Kila Ijumaa nitakusomea Fatiha. Msamaha sikuombi leo, nitauomba uso kwa uso, siku hiyo utanijibu na mimi nitasikiliza. Ila ahadi chukua hii. Chumba hiki sikiachi na kazi hii siiachi mpaka Sahra aje. Nitamtandikia mkeka mpya. Siku yake ikifika nitampeleka mpaka mlango wa hospitali nikiwa nimembebea nguo. Daktari akiuliza, atajibu Sahra. Wakiniuliza mimi ni nani, nitasema ni mama yake, na baada ya hapo sitaongeza neno.