Herufi Moja Ubaoni

Jumatatu, 3 Novemba 1986
Kifua kibaya tena. Lakini Hubert, mkuu wa shule ya mtaa, kanibembeleza: "Papa inspecteur, kuya tu kupima batoto. Banasoma mpaka inafurahisha!" Nimestaafu ukaguzi wa shule, lakini nimekubali. Nashuku hawasomi — wanakariri. Nitawatega: sentensi wanayoimba kila asubuhi mbele ya bendera, nibadilishe herufi moja. Anayesoma ataiona. Asiyeiona, tutajua pa kuanza kumfundisha.

Jumanne, 4 Novemba
Mungu wangu! Niliandika ubaoni: *Chama kinatuwinda.* Wao huimba "kinatulinda". Darasa la tatu, mmoja mmoja: "Kinatulinda!" — macho dirishani. Kisha Nyota, binti wa Yakubu muuza samaki, akainua kidole, akafuata herufi, akasoma: kinatuwinda. Wenzake wakamcheka: "We! Ujue kusoma kwanza!" Hubert akafuta ubao kwa mkono wa shati.

Mtoto mmoja tu anasoma. Na ndiye niliyemponza.

Alhamisi, 6 Novemba
Sijala. Binti yangu Odile kaleta habari kutoka sokoni: vijana wa Chama wamemchukua Yakubu. Eti mtoto kafundishwa neno hilo nyumbani. Hubert anaapa kwamba ubaoni ilikuwa "kinatulinda".

Niungame hapa, maana padri anakula na wakubwa wa Chama. Haikuwa bahati mbaya. Sentensi za kuwapima zilikuwa nyingi. Nilipoiwaza ile *w* nilicheka peke yangu hadi nikakohoa damu. Nilidhani mtu anayekufa haogopi. Uongo!

Ijumaa, 7 Novemba
Wako barazani. Désiré, mkubwa wa vijana wa Chama, anasema na Odile kwa upole — ndio unaonitisha. "Mama, tuko na swali moja tu kwa papa. Ule mutoto alisoma muzuri ao mubaya? Papa akisema mubaya, bon, baba ya mutoto tunabaki naye. Akisema muzuri…" Anacheka. "Alors, nani aliandika?"

Nimekaa kitandani, nimevaa hadi viatu, naandika juu ya goti. Alisoma vizuri. Maneno mawili tu!

Odile anawajibu: "Papa iko analala. Homa. Mukuye kesho."

Kesho Yakubu atakuwa wapi?

Odile anachungulia kwenye pazia. Ameona nimevaa. Ananitikisia kichwa — hapana, papa. Nje viti vinasogezwa. Wanaaga. Kinywa changu kiko wazi, na sauti —