Mdakaji wa Kagugu

Kagugu, Kigali, 4 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Dar, pamoja na vijana unaowafundisha besiboli. Sisi tuko salama, ila Mama anaumwa vidole kwa baridi ya asubuhi.

Jana redioni walikuita mrushaji asiye na mfano. Ukasema mkono wako ulifundishwa vitani, kwa kurusha mabomu. Mama alikuwa anapiga pasi. Aliizima redio, akatoka nje.

Baba, uliporudi kutoka jeshini hukuwa umewahi kuushika mpira ule. Kabla timu yenu haijapata glavu, nani alichuchumaa uani kila jioni na gunia lililokunjwa, akidaka mipira yako? Vidole vyake viwili havinyooki mpaka leo. Tarehe 30, klabu yenu itakapobandika picha yako uwanjani huku, tafadhali mtaje.

Binti yako,
Gwiza

Dar es Salaam, 11 Agosti

Gwiza mwanangu,

Marahaba. Nipo, goti tu linanisumbua. Mama yako mkande kwa maji ya moto.

Mambo ya redio usiyachukulie hivyo. Watu wanataka askari aliyegeuka mrushaji. Ukiwaletea habari za mwanamke na gunia, watacheka. Mwenyewe hajalalamika hata siku moja. Na wewe, uliyekuwa unajificha wageni wakija, umejifunza wapi kuwagombeza wakubwa?

Siku hiyo nitarusha mpira mmoja, utaudaka wewe. Tafuta viatu vizuri.

Baba yako

Kagugu, 18 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nilimsomea Mama barua yako. Akasema, "Mwache. Alirudi hawezi kukaa ndani jua likizama. Anazunguka uani kama kuku aliyekosa banda. Nikamwambia, basi tupa huku kwangu, tupumzike sote."

Hayo sikuyajua. Kumbe vita havikukufundisha chochote. Vilikurudisha umeharibika, yeye akakutengeneza kwa mikono yake, nawe unamficha. Nina hasira nawe. Mpira wako sitaudaka. Usipomtaja, nitamtaja mimi mbele ya wote, mimi niliyeogopa kuitika jina langu darasani.

Binti yako,
Gwiza

Dar es Salaam, 25 Agosti

Gwiza,

Salamu. Ukithubutu, usiniite baba tena.

Léonce Kalisa

Kagugu, 31 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nitaendelea kukuita hivyo, upende usipende.

Tulikungoja tangu kazi za mtaa za umuganda zilipoisha asubuhi mpaka saa tisa. Hukuja. Mzee Ilyasi, mwenyekiti wa klabu, alitaka kuahirisha sherehe. Nikamwomba kipaza sauti. Sauti ilinikatika mara mbili, lakini nilisema: mama yangu, Cécile Gahongayire, ndiye aliyedaka mipira yako miaka minne, kabla mtu yeyote hajakupigia makofi.

Hawakucheka. Walimwita katikati ya uwanja, akachuchumaa na kitenge chake. Nikarusha mpira kwa hasira yote niliyokuwa nayo juu yako. Akaudaka.

"Afadhali wewe," akaniambia. "Wa kwanza wa baba yako ulivunja dirisha la jirani."

Picha yako imebandikwa. Chini yake pana nafasi ya jina la Mama, lakini mzee Ilyasi anasema hawataliandika mpaka wewe ukubali.

Barua hii usinijibu mimi. Mwandikie yeye.

Binti yako,
Gwiza