Uso wa Dani Haukisiwi

Kosa la wengi wetu ni kuamini kwamba picha iliyopendeza kwenye simu itapendeza popote tutakapoichapa. Barua ya leo imetoka Rusinga, na aliyeiandika amebakiwa na siku chache kabla ya mazishi, kwa hiyo nimeitanguliza mbele ya nyingine.

*

Mwalimu Ongeri, nakusalimu kwa heshima, na kabla sijaendelea nakuomba usinicheke, nina shida na sijui nimwulize nani.

Bibi yetu Priscah, tuliyemwita Dani, alifariki na tutamzika Jumamosi ijayo hapa nyumbani, na mimi kwa kuwa nina simu nzuri nikapewa kazi ya kijitabu cha mazishi na bango la kuwekwa langoni, lakini Dani hakupenda kupigwa picha, nzuri ni moja tu, ya karatasi, iko kwenye fremu ukutani kwa shangazi Edinah kule Sori, anacheka mdomo wazi kabisa, basi shangazi akaipiga kwa simu akamtumia baba mdogo Willis, Willis akaitia kwenye kundi la familia la WhatsApp, binamu mmoja akaikata pembeni akairudisha, mwingine akaiwekea maua, na mimi nikaichukua hapo nikamtumia Terry, mwenye duka la uchapaji Migori mjini.

Terry akanipigia: "Dada, pikseli ni chache, resolusheni iko chini, tena hii ni RGB na mimi nachapa CMYK, nitafutie orijino." Mimi nikajibu "sawa, sawa" kwa sababu niliona aibu kuuliza, na sampuli ilipokuja uso wa Dani ulikuwa visanduku visanduku kama ukuta wa matofali, na kitambaa chake cha buluu kimegeuka zambarau. Baba mdogo akasema huyo msichana wa Migori anaficha uzembe nyuma ya Kizungu, akaipitisha ile picha kwenye programu ya simu ya kusafisha picha, na Mwalimu, ilirudi safi ajabu, mvi unaziona moja moja, watu wakapiga makofi, hata mimi nilipiga, mpaka shangazi, aliyekuwa amekuja msibani, aliposhika simu akasema, "Willis, huyu umemtoa wapi? Mimi sikunyonya kwa huyu."

Ndipo tukaona. Dani aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kwa mila yetu ya zamani, kama wenzake wa rika lake, na huyu wa kwenye simu ana meno yote, meupe pe.

"Mnataka tuweke ukungu langoni?" baba mdogo akauliza. "Acheni mama apendeze, Mungu ndiye atamtambua."

"Mungu atamtambua, wajukuu je?" shangazi akajibu, akaondoka analia, akarudi kwake Sori.

Sasa Terry anangoja neno langu tu achape, baba mdogo ananipigia kila mara, "Valary, bado unangoja nini?" na mimi ni mtoto mbele yake, siwezi kumbishia, lakini nikikubali tutamzika Dani chini ya uso wa mtu tusiyemjua. Nifanye nini?

Valary, Rusinga

*

Valary mjukuu wangu, pole sana kwa msiba. Sasa nikugombeze kidogo: hiyo "sawa, sawa" yako ndiyo iliyowafikisha hapa. Terry alikuomba kitu kimoja, picha ya asili, ila alikifunika kwa maneno ya ufundi. Naye pia ana lake la kujibu, maana mwenye kujua neno anapaswa kulifafanua. Ngoja nikufafanulie mimi.

Picha ya simu imeundwa kwa vijisanduku vidogo mno, ndizo pikseli. Kila kimoja kina rangi moja tu. Hakijui jicho, hakijui pua. Vikae pamoja kwa maelfu, na Dani anacheka! Nimelijua jambo hili miaka mingi na bado linanishangaza. Resolusheni ni wingi wa vijisanduku hivyo katika nafasi uliyo nayo. Kijitabu kinachoshikwa mkononi kinataka kama mia tatu kwa kila inchi. Bango la kutazamwa kwa mbali huridhika na vichache. WhatsApp hupunguza picha ili isafiri upesi, na yenu ilitumwa, ikakatwa, ikapambwa, ikatumwa tena. Kilichomfikia Terry ni makapi. Vijisanduku vichache vikivutwa vienee bango zima, kila kimoja huonekana peke yake, na hayo ndiyo matofali yako.

Kitambaa nacho hakikuharibiwa na mtu. Simu huonyesha rangi kwa mwanga: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Hiyo ndiyo RGB. Karatasi haina mwanga wake, kwa hiyo mashine ya Terry hupaka wino wa rangi nne, samawati, majenta, manjano na nyeusi, na hiyo ndiyo CMYK. Zipo buluu ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, nazo huishia zambarau. Lakini usiudharau huo wino. Chukua kioo cha kukuzia, utazame kijitabu chochote cha mazishi kilichomo nyumbani mwenu. Hutaona ngozi wala mvi, utaona nukta za rangi nne tu. Weka kioo kando, na mtu huyo amerudi, anakutazama. Wote tuliowazika kando ya ziwa hili wakiwa na kijitabu wamepita katika wino huohuo, na hakuna aliyechanganywa na mwenzake.

Programu ya baba mdogo wako haikufanya hivyo. Pikseli zilizopotea haikuzipata, kwa sababu hazikuwemo tena. Ilifunzwa kwa nyuso za watu wengine, na pale isipoona hukisia. Ilipofika kwenye pengo la Dani ikaliziba kwa meno ya watu. Haikumsafisha Dani, ilimkisia, na shangazi yako alijua papo hapo.

Baba mdogo si mtu mbaya. Anataka mama yake apokewe kwa heshima, na wewe usibishane naye, hutamweza na haikupasi. Mwombe Terry achape nyuso mbili kwenye karatasi, ule wa programu na ule wa picha ya asili. Ziweke mbele ya baba mdogo, umwulize kwa upole, "Baba, ni yupi aliyekuwa akikuita kula?" Kisha nyamaza.

Picha ile ya karatasi ina Dani mwingi kuliko yote yaliyomo kwenye kundi lenu. Terry aiskani mwenyewe kwa mashine yake. Ikiwa imeganda kwenye kioo cha fremu msiibandue, mtaichana uso. Aipige ikiwa humo humo, nje kivulini. Ukilazimika kumtumia chochote kwa WhatsApp, kitume kama dokumenti, si kama picha, kisije kikapunguzwa tena. Mwambie asichape hadi uione sampuli kwenye karatasi ileile ya kijitabu, na neno usilolielewa uliza, hata mara tatu. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Bango litasimama langoni mbele ya ukoo mzima.

Leo hii mpigie simu shangazi Edinah, umwombe aishushe picha ukutani pamoja na fremu yake na aipeleke kwa mkono wake mwenyewe dukani kwa Terry.