Panga Ulilolirudisha Mapema

Baba,

Shikamoo. Najua huitiki tena, lakini siwezi kusema na wewe bila kukuamkia.

Hapa Rasbura tu wazima. Mama amemaliza eda. Koti lako la kaki la ubawabu amelifua na kulipiga pasi, na hospitali walipotuma mtu alifuate, alimwambia bado halijakauka. Ameshamwambia hivyo mara tatu.

Sasa ya kazini kwako. Baada ya wewe kuondoka, muuguzi mmoja alipigwa kofi wodini na ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo wafanyakazi wote, waganga hadi wafagiaji, wanafundishwa namna ya kujikinga na watu waliopandwa na hasira. Gazeti langu lilinituma niyaandike mafunzo hayo. Siku ya kwanza mkufunzi aliandika ubaoni: lango lifungwe, mgambo wakae na virungu, mwenye panga asisogee. Akauliza, "Ndugu wafanyakazi, nani mwingine amewahi kuumizwa hapa?" Hakuna aliyekutaja. Wote wanaamini ulijikata mkono ukifyeka nyasi. Mimi niliyeujua ukweli nilikuwa nyuma, nimeinamia daftari langu, maana uliniapisha: "Wewe mwandishi, hili si la gazeti."

Baba, wakulima waliotoka moja kwa moja shamba la kijiji walikuachia mapanga yao bila kinyongo, kwa sababu ulianza na utani. "Mtani, laza hilo hapa. Humu ndani hatufyeki mtu." Wakicheka, panga liko kibandani kwako tayari.

Siku ulipoumia, wauguzi walimwambia mkulima mmoja wa Kilangala, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa, aende langoni. Walijua wewe ni mtani wake, na kwetu mtani ndiye anayeubeba msiba, basi wakaona utamwambia wewe. Wewe ukadhani wamekwisha kumwambia. Ukamrudishia panga lake, ukampa pole ya mtoto. Kwa pole hiyo ndipo alipojua kwamba mwanawe amekufa.

Uliniambia alikukata mara moja tu, akalitupa panga, nawe ukakaa naye chini mpaka alipoacha kutetemeka. Damu yako ilikuwa inatoka bado.

Ningenyamaza, lango lingefungwa na watu kama yeye wangepokewa kwa virungu. Ningesema, yeye angepelekwa polisi. Nikaenda Kilangala kumwuliza yeye mwenyewe kama niseme. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Baba yako alinificha," akasema. "Mie nimechoka kufichwa."

Kesho yake alisimama mbele ya wafanyakazi mafunzoni, mikono mitupu, kanzu imekunjamana, akakiri kuwa ndiye aliyekukata. Nanukuu kutoka daftarini: "Kifo cha mwanangu nilikisikia nimesimama langoni, kama mtu anayekabidhiwa mzigo wake. Hakuna aliyeniambia hata 'kaa chini'." Muuguzi aliyekuwa zamu siku ile alilia, akatoka, akarudi. Mganga Mkuu hakuita polisi. Alimwomba mkufunzi afute ubao.

Walichokubaliana ni hiki. Habari ya kifo itatolewa chumbani, mtu ameketi, na yule aliyemwuguza mgonjwa wake. Bawabu ataarifiwa kabla mfiwa hajafika langoni. Panga atapewa ndugu mwingine alibebe. Mgambo watakuja, wawili, ila virungu vitakaa ofisini. Lango litabaki wazi. Bawabu mpya anajifunza utani, bado hachekeshi.

Nilipotoka pale niliegemea ukuta wa kibanda chako, nikashindwa kuandika. Baba, nimeacha kosa lako la panga litangazwe mbele ya watu uliofanya nao kazi. Sikuona njia nyingine. Nisamehe.

Habari ya mafunzo nimeipeleka gazetini. Jina la yule mkulima halimo. Mhariri amelidai mara mbili kwa simu, na nimemjibu kuwa sina. Akilidai tena nitamjibu vivyo hivyo, hata ikinigharimu kazi.

Mungu akulaze pema, Baba. Mama nitamtunza.

Mwanao