Kadi Juu ya Meza ya Pasi

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Mama mzima, ila magoti yanamsumbua. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana niliingia kazini, nikakuta watu wamejazana mbele ya meza ya pasi wanacheka. Chumba cha kufulia cha hospitali hakina la kuchekesha, kwa hiyo nikauliza kuna nini. Mmoja akaniambia, "Hongera, bwana. Kumbe nawe unasherehekea." Ukutani, juu kabisa, Mzee Pasi amebandika kadi. Mwandiko wako. "Tunakutakia sikukuu yenye furaha na baraka, wewe na nyumba yako." Chini yake jina langu, kisha lako. Langu ndilo la kwanza, tena kwa wino mwekundu.

Nani alikutuma? Unajua ninasali na nani siku hizi. Unajua tumefundishwa kwamba ukimpongeza mtu kwa sikukuu ya imani isiyo yako, umeikubali imani ile. Wenzangu ninaosali nao ndio hao hao ninaofua nao. Kutwa nzima wananiita "Bwana Sikukuu".

Mwandikie huyo mzee. Mwambie jina langu uliliweka bila ruhusa, na kwamba nyumba yetu haitoi salamu za sikukuu yao. Barua niletee mimi, nitampa kwa mkono wangu.

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Mimi sijambo, ila tangu nipate barua yako sisomi vizuri.

Kuhusu jina lako nilikosea. Ilinipasa nikuulize kwanza, na kwa hilo naomba radhi. Salamu yenyewe siiombei radhi. Baba aliiandika kila mwaka, mimi nikimpigia mistari kwa rula. Miaka kumi na tisa alifua na Mzee Pasi. Sikukuu yao ikifika, Baba anashika zamu ya Mzee Pasi. Yetu ikifika, Mzee Pasi anashika ya Baba. Wewe umerithi nafasi ya Baba mle ndani, na aproni yake. Mwaka jana, sikukuu yetu ya kwanza bila Baba, ulikaa nyumbani na Mama. Unadhani nani alikuwa anafua?

Hili la kuikubali imani nimeliwaza sana. Mzee Pasi anatutakia heri tangu sijazaliwa, na dini yake hajaiacha. Kama salamu zingekuwa na nguvu hiyo, angekuwa wetu zamani.

Sitaandika.

Mdogo wako


19 Machi

Kamusi,

Salamu zako zimefika, sisi wazima. Nakuita jina hilo kwa kuwa maneno unayo tele, adabu ndiyo haimo kurasani.

Usinitajie Baba. Alikuwa na udhaifu wake, Mungu amrehemu, na mimi si yeye. Aproni ni ya hospitali.

Likizo ya sikukuu yetu inaanza tarehe ishirini na mbili Aprili. Tayari nimemwandikia matroni wako kwamba utabaki bwenini. Nikiipata barua ya mzee, namwandikia tena akuruhusu. Nisipoipata, utasherehekea na kunguni.

Mama anakusalimu. Anadhani nakuandikia habari za viatu vya shule.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo? Mimi nipo. Wiki tatu hizi nilikuwa nakuandikia kila siku na kuchana.

Leo matroni amesoma majina ya watakaobaki. Tuko wawili, mimi na mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hana pa kwenda. Yeye alilia. Mimi nilijifanya nasoma. Mama sijamwona tangu Januari.

Basi umeshinda. Barua ya Mzee Pasi imo humu, haijafungwa, uisome uhakikishe. Maneno ni yako yote: jina liliwekwa bila ruhusa, na nyumba yetu haitoi salamu za sikukuu yao. Mwanzoni nimemwamkia. Ulitaka nisimwamkie, ungesema.

Nakuja nyumbani kwa ajili ya Mama. Wewe usinisemeshe.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Nimempa. Nilingoja wenzangu wote wawepo, maana nilitaka waone. Mzee akapapasa mfukoni, miwani hana. "Nisomee, mwanangu." Nikamwambia atasomewa nyumbani kwake. Akasema, "Nyumbani kwangu wote tunavaa miwani. Wewe una macho na umesimama hapa. Soma."

Nikasoma. Umeanza na "Shikamoo, Baba Mkubwa." Nilipoipitia nyumbani sikulitilia maanani hilo, kulisema kwa sauti mbele yake ni kitu kingine. Nilisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Wale wa "Bwana Sikukuu" walikuwa wanaangalia ndoo.

Mzee akauliza, "Na mwandishi mwenyewe, hajambo?" Nikasema hajambo. Akabandua kadi ukutani, pole pole isichanike, akaitia pamoja na barua mfukoni mwa koti. Kisha akainua shuka iliyokuwa mezani, akaniambia, "Shika ncha."

Shuka za hospitali hazikunjwi na mtu mmoja. Yeye anashika ncha mbili, mimi mbili, tunasogeleana mpaka mikono ikutane, nampa zangu. Tulikunja hivyo mpaka jioni.

Nikaenda kutazama ratiba. Zamu yangu ya sikukuu yetu alishajiandikia yeye, tangu mwezi wa pili, kabla ya kadi na kabla ya yote. Nimelikata jina lake nikaweka langu. Fadhila ya mtu siitaki.

Matroni nimeshamwandikia. Njoo. Siku yenyewe sitakuwepo nyumbani, utafurahi.

Kaka yako


24 Aprili, ndani ya kitabu chako

Mdogo wangu,

Hujambo? Nakuuliza kwa karatasi kwa kuwa umesema nisikusemeshe, na leo ni siku ya tatu unanipita humu ndani kama kiti. Mama ameniuliza mara mbili tumegombania nini. Nimesema viatu.

Asubuhi nilifika kazini nikijua niko peke yangu. Nikamkuta. Pasi imeshapata moto.

"Jina lako halipo kwenye ratiba," nikamwambia.

"Nimeona lilivyokatwa. Umekata kwa hasira, karatasi imetoboka."

"Sasa umefuata nini?"

"Siku hii nimezoea kuwa hapa. Nikikaa nyumbani mke wangu atanipa kazi."

Halafu akanitakia sikukuu njema, akanyoosha mkono. Tulikuwa wawili tu, hapakuwa na mtu wa kuniona. Sikuupokea. Nilichukua shuka. Akautazama mkono wake kidogo, kisha akashika ncha.

Zilikuwa shuka mia na kumi. Mkono nilioukataa nimeugusa mara mia na kumi, na kila mara alikuwa akiangalia shuka, si mimi.

Saa sita nilikuwa napekua mifuko ya makoti yetu ya kazi kabla ya kuyatia majini. Katika koti lake nikakuta kadi, na barua yako imekunjwa ndani yake. Maji yalikuwa yanachemka. Ningeliacha koti liende, na nani angeniuliza? Vitu vinafuliwa mifukoni kila siku.

Nimezitoa zote mbili. Koti lilipokauka, kadi nimeirudisha mfukoni. Jina langu bado lipo, na bado uliliweka bila ruhusa, hilo sijakusamehe. Salamu yake sijaijibu. Usije ukamwambia Mama kwamba nimejibu.

Barua sikuirudisha. Ipo nyuma ya karatasi hii. Nimejaribu kuichana njiani, kisha hapa mlangoni, nikashindwa. Ni mwandiko wako. Ichane wewe.

Kaka yako